Seti ya Nane

Kama uliwahi kupasuliwa kwenye hospitali ile, ukashonwa, ukapona, kidonda kisitoe hata tone la usaha, basi kuna mwanamke hukumpa asante kwa sababu hukuwahi kumwona. Daktari ulimshukuru. Wauguzi uliwapelekea soda. Je, aliyeosha ile mikasi iliyoingia tumboni mwako? Aliyeipiga brashi jino kwa jino, akaifunga kitambaa mara mbili, akaipika kwenye mashine ya mvuke mpaka kijidudu cha mwisho kikasalimu amri? Huyo hukumuuliza, wala sikulaumu. Hakuna anayemuuliza.

Wanamwita Mama Mvuke. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye faili huko ofisini, hata mumewe akipiga simu ya hospitali husema, "Nipe Mama Mvuke, mwambie ni yule anayempikia siku hizi." Aliingia pale akiwa msichana wa kudeki korido, akapanda taratibu mpaka akakabidhiwa chumba cha vifaa. Ni chumba chembamba nyuma ya chumba cha upasuaji, kina dirisha la kupokelea vichafu upande huu na dirisha la kutolea visafi upande ule, na katikati joto la kukuyeyusha. Ukiingia mle na viatu vya nje utajuta. Daktari Mkuu mwenyewe alishawahi kufukuzwa mlangoni: "Daktari, elimu yako iko kichwani, matope yako yako miguuni. Toka!" Akatoka.

Alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: mashine haiwashwi nusu. Seti ya upasuaji ikirudi chafu inaoshwa, inafungwa, inakaa kwenye rafu kungoja nyingine, mpaka mashine ijae. "Maji yanapotea, umeme unapotea," aliwaambia wasaidizi wake. "Nani anawasha tanuri kwa mkate mmoja?" Hakuna aliyembishia. Ilionekana ina akili.

Na alikuwa na siri moja, na hiyo hakumwambia mtu, hata huyo anayempikia.

Miaka mitatu iliyopita, asubuhi yenye kazi nyingi, aliletwa mama mjamzito anavuja damu. Seti safi hakuna. Nyingine chafu, nyingine ndani ya mashine. Mama Mvuke akasimama mbele ya mashine anautazama mshale unavyojivuta, na nyuma ya ukuta anamsikia daktari anapiga kelele, "Seti! Jamani, seti!" Ilipopatikana, yule mama alikuwa ameshakata roho. Mama Mvuke alikwenda chooni akalia mpaka akatapika. Akala kiapo kwamba jambo lile halitatokea tena akiwa hai.

Wiki hiyo hiyo, seti ya nane ilirudishwa kutoka chumba cha upasuaji. Namba yake ilikuwa imegongwa kwenye kila chombo, nane, nane, nane. Aliipokea dirishani, akaiosha, akaipika, halafu badala ya kuirudisha kwenye rafu akaisukuma ndani ya kabati lake nyuma ya mashuka chakavu, akatia kufuli. Ya siku mbaya, alijiambia. Kwenye kitabu, mahali pa kuandika "imepokelewa", aliacha wazi, maana angeandika ingebidi ionekane. Kila wiki ya nne aliwahi kabla ya wenzake, akaipika upya, akaibadilisha utepe wenye namba na tarehe, akairudisha gizani. Haki ya Mungu, hakuwa mwizi. Hata msumari wa hospitali haujawahi kulala kwake. Lakini hebu ona alichokifanya bila kufikiri.

Aliyeichukua seti ile mara ya mwisho, na sahihi yake ikabaki kitabuni bila "imepokelewa" mbele yake, alikuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji waliyemwita Mpole. Mrefu, sauti ya chini, mtu wa kusogea ukutani ili wewe upite. Miezi minne baadaye vifaa vilipohesabiwa, kitabuni nane, rafuni saba. Mpole akaitwa ofisini. Mama Mvuke naye akaitwa.

"Alikurudishia?" aliuliza Daktari Mkuu.

"Mama, nilikupa mkononi," alisema Mpole. "Ulikuwa unafuta jasho kwa kiwiko. Ukaniambia lete hapa."

Ni kweli, ilikuwa hivyo hivyo. Mama Mvuke alitazama meza. Alichokisema kilikuwa maneno mawili tu: "Sikumbuki kuipokea."

Alidhani watamwonya yule kijana basi. Alidhani baada ya siku mbili angeigundua seti mahali fulani, aseme lo, kumbe hii hapa. Siku ya pili Mpole alikuwa ameshapewa barua ya kufukuzwa. Siku ya tatu watu wanasema, "Mnyamavu yule, nilimjua tangu zamani. Asingekuwa na hatia angepiga kelele." Sasa useme nini? Ukiigundua leo, utaulizwa jana ulikuwa wapi. Akanyamaza. Akanyamaza wiki, mwezi, mwaka.

Mwaka huu ndipo akaja Sista Saa.

Muuguzi kijana, mwembamba, alitoka kwenye mafunzo ya kuboresha kazi na saa ya kubonyeza shingoni kama mwalimu wa michezo. Alikuwa anafuata vitu kwa miguu. Akiifuata karatasi ya maabara kutoka wodini mpaka inaporudi, anaandika dakika. Anamfuata mgonjwa kutoka dirisha la kadi mpaka dirisha la dawa, anahesabu hatua. Watu walicheka mpaka machozi. "Sista Saa, nimekwenda chooni dakika nne, umeniandika?" Lakini baada ya miezi miwili foleni ya dawa ilipungua nusu kwa kuhamisha meza moja tu, na kicheko kikapungua nacho.

Zamu ya chumba cha vifaa ikafika. Sista Saa alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo lililomkera Mama Mvuke kwa sababu lilimnyima pa kuanzia. Alikaa mle siku nne. Siku ya tano akasema, kwa adabu kabisa:

"Mama, mashine yako inapika dakika hamsini. Lakini seti inangoja kwenye rafu, imeshaoshwa, imeshafungwa, karibu saa tatu. Inangoja wenzake tu. Tukiwasha mashine na seti mbili au tatu tu, hizi saba tulizonazo zinatutosha na zinabaki."

"Wewe ulikuwa unanyonya wakati mimi naiwasha hii mashine."

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Alimfukuza. Akaendelea kufunga vitambaa, kona hii, kona ile, na ghafla akakiacha kitambaa. Saa tatu. Asubuhi ile ya yule mama aliyekata roho, kulikuwa na seti ngapi kwenye rafu, zimeoshwa, zimefungwa, zinangoja mashine ijae? Alikumbuka. Zilikuwa tatu, tangu jana yake jioni, na mashine iliwashwa muda mfupi tu kabla yule mama hajaletwa. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Likaja tangazo: Ijumaa ni siku ya kusasambua. Kila chumba, kila kabati linafunguliwa mbele ya kamati ya kuboresha kazi. Kisichotumika kinabandikwa karatasi nyekundu na kutolewa. Kufuli zote wazi, hakuna cha "hili langu". Mama Mvuke alisoma tangazo mara tatu. Roho ilikuwa juu juu wiki nzima. Alikuwa amebakiza miezi kumi na moja astaafu kwa heshima.

Alhamisi alasiri akakata shauri. Aliitoa seti ya nane, bado imefungwa vitambaa viwili, utepe wake una mistari myeusi ya kuonyesha imeiva, tarehe ya wiki mbili nyuma. Akaiingiza kwenye mfuko safi wa nailoni, akaifunga, akaiweka chini ya kikapu, juu yake sweta na chombo cha chakula. Angeitupa mtoni. Wala hakujua mto gani. Alichotaka ni ile namba iondoke duniani.

Getini palikuwa na foleni fupi. Mlinzi alikuwa anakagua mifuko, mzee mwenye maneno mengi. Mbele yake walikuwa watu wawili. Kikapu kilikuwa kizito kuliko kawaida na kilimning'inia vibaya begani, na alihisi kila mtu anakiona kinavyoning'inia.

"Mama Mvuke! Leo umetubebea nini, mashine yenyewe?"

"Sufuria langu, mwanangu. Fanya haraka, mguu unaniuma."

"Pita, pita, wewe nani atakukagua."

Akapita. Jamani, alipita! Mguu mmoja ulikuwa nje ya geti kabisa aliposikia viatu vinapiga sakafu mbio kwenye korido inayotokea getini na sauti ya muuguzi wa upasuaji inamwita msaidizi wa chumba cha vifaa kwa jina, halafu: "Mashine imebakiza muda gani? Kizazi kimepasuka huku! Muda gani?"

"Dakika arobaini!"

"Hana dakika arobaini!"

Alijua bila kuambiwa. Siku hiyo walikuwa wamepasua watu saba. Seti zote saba, zilizo ndani ya mashine na zilizo chafu, alizihesabu kichwani pale pale, na hakuna hata moja iliyo rafuni. Kwenye bega lake ilikuwepo moja, safi, imeiva, imefungwa. Mbele yake barabara. Angeweza kutembea. Nani angejua? Alisimama pale, na nitasema ukweli, hakugeuka mara moja. Alihesabu hatua mbili za kwenda nyumbani kwake kwa macho. Halafu akageuka akakimbia, mwanamke wa miaka hamsini na tisa na mguu mbovu, sweta likaanguka, chombo cha chakula kikabingirika korido nzima, na watu wakasogea ukutani.

Alipitisha seti kwenye dirisha la visafi kwa mikono yake. Muuguzi wa upasuaji aliitazama namba kwenye utepe. Akamtazama Mama Mvuke. Akaichukua akakimbia nayo. Baada ya robo saa mtoto alilia. Baada ya saa moja na nusu daktari alitoka akasema mama naye yupo.

Nyumbani alimwambia mumewe yote, sebuleni, jua halijazama. Mzee alizima redio. Alikuwa dereva wa malori kabla hajastaafu, mtu asiyependa kona.

"Sema uliikuta leo," alisema. "Nyuma ya mashuka, wakati unajiandaa na hiyo kesho. Nani atakupinga? Wamekushukuru. Umeokoa watu wawili, mke wangu."

"Na Mpole?"

"Mpole keshazoea." Kisha akaona aibu mwenyewe, akaenda kusimama dirishani. "Miezi kumi na moja, mama watoto. Tunyamaze miezi kumi na moja."

Asubuhi walikusanyika mbele ya ubao, wamesimama, kama kamati inavyofanya siku hizi. Daktari Mkuu, matroni, muuguzi wa upasuaji, wasaidizi, Sista Saa na kalamu. Mtindo wao ni kuuliza kwa nini, na ukijibiwa unauliza tena, mpaka mnafika kwenye mzizi.

"Kwa nini jana seti safi haikuwepo?" aliuliza Sista Saa.

"Zote zilikuwa chafu au ndani ya mashine," alijibu Mama Mvuke.

"Kwa nini zote kwa wakati mmoja?"

"Kwa sababu tunangoja mashine ijae."

"Kwa nini tunangoja?"

"Kwa sababu mimi nilisema hivyo. Miaka yote."

Sista Saa aliandika, na mkono wake ukasita kidogo kabla ya swali lililofuata, kwa sababu kila mtu mle alilijua. "Kwa nini seti ya nane haikuwa rafuni?"

Sasa. Hapa ndipo maneno ya mumewe yalipokuwa ulimini, matamu, tayari. Aliona nyuso zao, walitaka ayaseme.

"Niliificha," alisema. "Miaka mitatu. Mpole alinirudishia mkononi, na mimi nikaificha."

"Kwa nini, Mama?"

"Niliogopa tusije tukakosa tena."

Matroni alishika mdomo. Msaidizi mmoja akaanza kulia. Lakini Sista Saa, maskini, alikuwa amefundishwa vizuri na alimpenda yule mama. Alivuta pumzi akaandika ubaoni: *Vifaa kufichwa kwa hofu ya upungufu.* "Hatutafuti mtu wa kulaumu," alisema. "Tunatafuta ubovu kwenye kazi. Mashine iwashwe kila seti mbili zikiwa tayari, hofu itaondoka, hakuna atakayeficha." Watu wakashusha pumzi. Daktari Mkuu akaitikia kwa kichwa mara nyingi. "Tumejifunza. Tumshukuru Mama kwa ukweli wake, tusonge mbele."

Kwisha. Amesamehewa mbele ya wote, bila hata barua ya onyo. Alipaswa kufurahi, na badala yake hasira ilimpanda kutoka miguuni, hasira ya kujichukia, mpaka akaona giza.

"Mbona Mpole hamkumtafutia ubovu wa kazi?" aliuliza. "Mimi mnanitafutia. Mpole mlimtafuta yeye."

"Mama," alisema Daktari Mkuu polepole, "lile lilishapita. Lina taratibu zake."

"Si mlimfukuza kwa barua? Mwandikie barua nyingine. Andika kwamba alirudisha, na aliyeificha ni mimi. Weka jina langu. Lile la kwenye faili."

"Nikiandika hivyo, faili lako litafunguliwa. Unajua maana yake."

"Lifungue."

Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka saa nane mchana, bila kula, mpaka barua ikatoka na muhuri. Daktari Mkuu mwenyewe aliileta. Hakumtazama usoni, sahihi iliyomfukuza Mpole ilikuwa yake. "Jumatatu kamati ya nidhamu," alisema. "Saa tatu."

Mpole alikuwa anaishi nyuma ya karakana ya mbao anakofanya kazi siku hizi. Jumamosi asubuhi alikuwa nje, anapiga msasa mguu wa kiti. Alipomwona Mama Mvuke alisimama, akafuta mikono.

"Shikamoo, Mama."

Alishindwa kuitikia. Alimpa barua. Mpole aliisoma amesimama, akarudia tena kutoka juu, kisha akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile.

"Ilikuwa wapi?"

"Kabatini kwangu."

"Muda wote?"

"Muda wote." Alianza kueleza, yule mama aliyekufa, kiapo, hofu, akaona maneno yanamtoka kama ya kujitetea, akayakata. "Nilikukosea, mwanangu. Nilijua na nikanyamaza."

Mpole alikuwa anatazama chini. Aliposema, sauti yake ilikuwa ile ile ya chini. "Siku niliyofukuzwa, mke wangu aliipekua nyumba nzima. Alipindua vyungu. Alilipasua godoro kwa kisu, akatoa pamba yote sakafuni, anatafuta mikasi ya hospitali. Alipokosa, akasema basi nimeshauza." Akamrudishia barua. "Usinipe mimi. Mimi nilikuwa najua. Ingia, umwambie yeye."

Akafungua mlango, akaita. Mke wake alitoka chumba cha nyuma na mikono yenye sabuni. Mama Mvuke alimwambia yote, kutoka mwanzo, bila kukata kona, amesimama katikati ya chumba na barua mkononi. Alingoja matusi. Angeyapokea kwa furaha. Yule mwanamke hakumtazama hata mara moja tangu aliposikia neno kabati. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Mbona hukuniapia?" alimuuliza. "Ungeniapia, ungenishika, ungenipigia kelele! Mbona ulikaa kimya?"

"Niliapa siku ya kwanza," alisema Mpole. "Ulipochukua kisu, nikaacha."

Mwanamke alikaa chini sakafuni, mikono ikidondosha povu kwenye gauni lake. Mpole hakwenda kumwinua. Mama Mvuke alibaki amesimama kati yao, hakuna aliyemkaribisha kiti wala aliyemwambia aondoke.